Mtoto Mdogo Akiingia Skauti, Nani Hasa Amejiunga?

Mtoto akirudi nyumbani akasema anataka kuwa skauti, mzazi huuliza mambo matatu: ada ni kiasi gani, sare inapatikana wapi, na wanakutana siku gani. Ni maswali ya haki. Ila kwa mtoto wa miaka 5, 6 au 7, swali linaloamua kama atadumu au ataacha baada ya mwezi ni jingine: mtu mzima gani wa nyumbani ataingia naye? Uskauti wa watoto wadogo hauendeshwi kama ule wa vijana. Kijana wa miaka 13 huenda mwenyewe, akarudi na matope miguuni na hadithi mdomoni. Mdogo wake huenda na familia, hata kama siku ya kujaza fomu hakuna aliyeieleza familia hiyo hivyo. Nimeona wazazi wengi wakikwama hapa. Wanaanza kwa furaha, kisha wanajikuta wakiombwa Jumamosi baada ya Jumamosi, na wanadhani kikundi kimewageuka. Hakijawageuka. Mambo ndivyo yalivyo tangu awali, na yana sababu zake.

Sababu ya kwanza ni kwamba uskauti haukubuniwa kwa ajili ya watoto wadogo. Agosti 1907 Robert Baden-Powell, jenerali wa jeshi la Uingereza, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, wakapiga kambi kwa muda wa wiki moja hivi. Aliwagawa katika vikosi vidogo vinne, kila kikosi kikiwa na mvulana mmoja wa kukiongoza, akawaachia kazi: kupika, kufuata nyayo, kulinda kambi usiku. Mwaka uliofuata alichapisha mafunzo yake kwa vijana, na wavulana wakaanza kuunda vikosi vyao wenyewe, mara nyingine kabla hawajapata mtu mzima wa kuwasimamia. Moyo wa uskauti ni huo: vijana wanajiongoza, na mkubwa anasimama pembeni. Mtoto wa miaka 12 anaweza kubeba jambo hilo. Wa miaka 6 hawezi, na si kosa lake.

Lakini wadogo zao walikuwa mlangoni wakilia kuingia. Vikosi vilivyowakubali vikapata taabu, kwa kuwa wadogo walichoka njiani, na wakubwa nao wakachoshwa na kuwasubiri. Baada ya majaribio yaliyoanza 1914, mwaka 1916 Baden-Powell alizindua rasmi mpango wa pekee kwa wadogo, Wolf Cubs, yaani wana wa mbwa mwitu. Aliuvika hadithi za Rudyard Kipling kuhusu Mowgli, mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu msituni. Ndiyo maana hadi leo, katika nchi nyingi, kiongozi wa watoto huitwa Akela, jina la mbwa mwitu mkuu wa kundi lile. Mzazi asiyejua asili yake hushangaa kumsikia mwalimu wa mtaani akiitwa jina hilo na watoto 20 kwa pamoja.

Wasichana walikuja kwa njia yao. Mwaka 1909 vikosi vya skauti vilikusanyika Crystal Palace, London, na miongoni mwao wakajitokeza wasichana waliojiita skauti bila kuombwa wala kuruhusiwa. Mwaka 1910 wakaanzishiwa chama chao, Girl Guides, na kufikia 1914 wadogo zao nao walikuwa na kundi lao, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Brownies. Mgawanyiko huo wa vyama viwili, cha skauti na cha Girl Guides, bado upo, na ndio unaomchanganya mzazi mwenye binti: ampeleke wapi? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Sasa vyama vingi vya skauti vinapokea wasichana na wavulana pamoja. Uingereza vilianza kufungua ngazi zote kwa wasichana mwaka 1991, na tangu 2007 kila kikundi kinalazimika kuwapokea. Marekani wasichana waliingia katika ngazi ya watoto mwaka 2018, na chama chenyewe kikabadili jina mwaka 2025, kikaacha neno "boy" na kuitwa Scouting America. Vyama vya Girl Guides kwa kawaida vimebaki kuwa vya wasichana. Binti anayetaka kuwa na kaka yake katika kundi moja atafaa skauti, na anayechanua zaidi akiwa na wasichana wenzake atafaa kwa Guides. Mwacheni aonje kote kuwili ikiwezekana, kwa maana hapo yeye ndiye anayejua.

Umri nao umeendelea kushuka. Marekani ilianza ngazi ya watoto mwaka 1930, ikaongeza ya wadogo zaidi mwaka 1982, na baadaye ikafika hadi watoto wa chekechea. Uingereza ilizindua mwaka 2021 ngazi ya Squirrels, yaani kuchakulo, kwa watoto wa miaka 4 hadi 6. Juu yao wapo Beavers, kisha Cubs, kisha Scouts kuanzia miaka 10 na nusu. Kenya watoto wa ngazi ya chini huitwa Sungura, na wanaofuata ni Chipukizi. Kila chama kina wanyama wake na majina yake, kwa hiyo mzazi aliyehama nchi, au anayesoma maelezo ya chama cha nchi nyingine, hupotea haraka. Dawa yake ni ndogo: usishike jina, shika umri. Uliza, "Mtoto wangu ana miaka kadhaa, anaingia ngazi gani, na atakaa humo hadi lini?"

Sasa, unajiunga na nani hasa? Hapa kuna tabaka kadhaa, na mzazi hukutana na la chini tu. Juu kabisa lipo Shirika la Skauti Duniani, lenye vyama vya kitaifa zaidi ya 170 na wanachama zaidi ya milioni 50. Shirika hilo hutambua chama kimoja tu kwa kila nchi, ingawa chama hicho kinaweza kuwa shirikisho la vyama kadhaa. Girl Guides wana chombo chao cha dunia tangu 1928. Chini ya chama cha kitaifa kuna ngazi za mkoa na wilaya, halafu kuna kikundi cha mtaa, ambacho mara nyingi hulelewa na shule, kanisa, msikiti au jumuiya ya wakazi. Chama cha kitaifa hutoa ahadi, kanuni, beji, bima na masharti ya usalama. Kikundi hutoa kila kingine: chumba, viongozi, ratiba, mazoea, na hali ya mahali penyewe. Vikundi viwili vya chama kimoja, vilivyo jirani, vinaweza kutofautiana kama shule mbili. Kimoja kinapenda mito na misitu, kingine kinafanya karibu kila kitu ndani ya ukumbi. Kimoja kina gwaride na ukakamavu, kingine kina nyimbo na mchezo. Kwa hiyo sifa au lawama ulizosikia juu ya "skauti" kwa ujumla zina thamani ndogo. Nenda ukakione kikundi chenyewe.

Ukienda, utaona mkutano wa saa moja au zaidi kidogo. Watoto husimama katika duara, bendera hupandishwa, hupigwa saluti, kisha duara huvunjika na kelele zinaanza. Hugawanywa katika makundi madogo. Kwa desturi ya zamani ya Cubs, watoto 6 kila kundi, na mmoja wao akiwa mkubwa wa wenzake. Kuna mchezo wa kukimbia, kuna kazi ya mikono, kuna hadithi, kuna kuimba, na mwisho duara tena. Mgeni anaweza kudhani ni kucheza tu. Angalia vizuri. Mtoto aliyeshika kamba akijaribu fundo kwa mara ya nne anajifunza kuvumilia kushindwa mbele ya wenzake. Mtoto aliyepewa filimbi dakika tano anajifunza kwamba wenzake watamtii akiwa na haki na watamkimbia akiwa na jeuri. Kwa umri huo hakuna somo la ubaoni litakalomfundisha hayo.

Mojawapo ya michezo ninayoipenda ni ule wa alama za njia. Watoto wakubwa kidogo hutangulia wakiacha mishale ya vijiti, na msalaba mahali pasipopitwa. Wadogo hufuata wakisoma ardhi. Mwisho wa njia huchorwa duara lenye nukta katikati, maana yake "nimekwenda nyumbani". Baden-Powell alifariki 8 Januari 1941, akazikwa Nyeri, Kenya, na alama hiyo hiyo imechongwa kwenye jiwe la kaburi lake. Mtoto akishaambiwa hilo hasahau duara lile tena, na huanza kuuliza maswali mazito kuliko ulivyotarajia. Jiandae kuyajibu mkiwa njiani kurudi.

Ahadi ya skauti inawatia wazazi wengine wasiwasi, na ni vizuri kuizungumza wazi. Kila mwanachama hutoa ahadi, na ya watoto wadogo huwa fupi, yenye maneno wanayoyaelewa: kujitahidi, kusaidia wengine, kuwa mwema. Vyama vingi hutaja wajibu kwa Mungu, na vingine hutaja nchi au mfalme. Vipo vyenye maneno mbadala kwa familia zisizo na dini. Uingereza imekuwa nayo tangu 2014. Kwa upande wa familia zenye dini, ahadi haimhamishi mtoto dini, kwa maana kila mtoto huapa kwa imani ya kwao. Hata hivyo kikundi kinacholelewa na kanisa au msikiti kinaweza kuwa na sala zake. Uliza kabla, usikie maneno yenyewe, uamue. Na mtoto haapishwi siku ya kwanza. Kwa kawaida huhudhuria mikutano kadhaa, akaona kama anapapenda, ndipo huapa na kuvishwa skafu. Muda huo wa majaribio ni wenu nyote. Msiuruke kwa haraka ya picha.

Beji nazo zimeleta ugomvi usio wa lazima majumbani. Mzazi aliyezoea mitihani huiona beji kama alama ya darasani, akaanza kuhesabu: mtoto wa fulani ana 9, wangu ana 4. Katika ngazi ya watoto kipimo hakikuwekwa hivyo. Kinachopimwa ni juhudi ya mtoto kuanzia pale alipokuwa yeye mwenyewe. Anayeogopa maji akathubutu kuingiza uso ndani ya beseni amefanya kazi kubwa kuliko mwogeleaji aliyeelea bila taabu. Ndiyo maana beji iliyofanywa na mama usiku, mtoto amelala, haina maana yoyote kwa mtoto, na mtoto mwenyewe analijua hilo anapoivaa.

Turudi kwa familia. Kuna mitindo miwili mikubwa, na kikundi chako kitakuwa na mmoja wapo au mchanganyiko wake. Katika mtindo wa kwanza mtu mzima wa mtoto huhudhuria naye mikutano yote. Marekani, kwa mfano, watoto wa ngazi mbili za chini kabisa hawaingii bila mtu wao mzima, na wanafanya kazi kama jozi. Katika mtindo wa pili mtoto huachwa mlangoni na kuchukuliwa baada ya saa moja, lakini wazazi huwekwa kwenye zamu: leo fulani anakata karatasi, wiki ijayo mwingine anahesabu vichwa kwenye matembezi. Hakuna mtindo wa tatu ambao mzazi analipa ada na kutoweka. Viongozi wenyewe ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao na watoto wao, na hawalipwi mshahara. Unapoona kikundi kina orodha ndefu ya kusubiri, mara nyingi chumba kipo na watoto wapo. Wanaokosekana ni watu wazima. Mzazi anayesema "naweza kusaidia Jumanne mbili kwa mwezi" huwa amefungua nafasi kwa watoto kadhaa, wa kwake akiwemo.

Kwa familia yenye mzazi mmoja, au yenye kazi za zamu, hilo linaweza kusikika kama mlango uliofungwa. Haujafungwa. Neno ni "mtu mzima", na mtu mzima anaweza kuwa bibi, mjomba, shangazi au kaka aliyevuka miaka 18, mradi kikundi kimemfahamu na kufuata taratibu zake. Sema hali yako mapema, bila kuona aibu. Ninachowasihi wazazi ni kutoahidi wasichokiweza. Kiongozi hupanga safari akitegemea idadi ya wakubwa, na mkubwa mmoja asipotokea, safari ya watoto wote huvunjika.

Kuhusu fedha nitasema machache. Kuna mchango wa mwaka unaokwenda chama cha kitaifa, ambao hugusa usajili na bima, kuna mchango wa kikundi, kuna sare, na kuna kambi na safari, ambazo ndizo hupanda bila kutarajiwa. Omba hesabu ya mwaka mzima. Sare kamili isubiri: mtoto hukua, na skafu peke yake inamtosha kujisikia mwenzao. Vikundi vingi vina sare zilizoachwa na waliopanda ngazi, na vingi vina namna ya kuisaidia familia iliyobanwa bila kuitangaza. Mwulize kiongozi faraghani.

Usalama ndio sehemu ambayo sitaki mzazi aipitie haraka. Mwaka 2020 chama cha skauti cha Marekani kiliomba kinga ya kufilisika kutokana na kesi za watu waliodhulumiwa kingono walipokuwa watoto, na madai yaliyofikishwa mahakamani yalizidi 82,000. Nyuma ya kila dai kuna mtu aliyekabidhiwa kwa mtu mzima aliyeaminiwa. Uchungu huo umebadili uskauti duniani. Siku hizi vyama vina masharti ya maandishi, na Shirika la Skauti Duniani lina sera yake ya kumlinda mtoto na madhara. Sharti la msingi ni kwamba mtu mzima mmoja hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Marekani, kila shughuli lazima iwe na angalau viongozi wawili waliosajiliwa, wenye miaka 21 au zaidi. Mtu mzima halali hema moja na mtoto asiye wake. Hakuna sherehe ya siri, na hakuna jambo ambalo mtoto anakatazwa kuwaambia wazazi wake. Ujumbe wa simu unakwenda kwa mzazi, hauendi kwa mtoto.

Waulize viongozi maswali haya uso kwa uso: mnachunguzwa vipi kabla ya kukabidhiwa watoto? Mmepata mafunzo gani? Mtoto akitaka kwenda chooni, nani anakwenda naye? Naweza kuja kutazama bila kutoa taarifa? Akiumia, nani anapiga simu, na nikiwa na malalamiko nayapeleka kwa nani nje ya kikundi? Kiongozi mzuri hujibu bila kukasirika. Wengi hufurahi kuulizwa. Anayesema "hapa sote ni familia, usiwe na wasiwasi" bila kujibu swali lenyewe amekupa jibu la kutosha. Mchukue mtoto wako mwende mahali pengine. Na nyumbani mfundishe mtoto kwa maneno mepesi kwamba mwili wake ni wake, na kwamba siri inayomtia hofu hailindwi kwa mtu yeyote, hata Akela.

Fomu utakayojaza itauliza afya, mzio, dawa, watu wa kupigiwa simu, na ruhusa ya picha. Jaza kwa ukweli. Mtoto mwenye ulemavu, mwenye kigugumizi, asiyevumilia kelele au anayekojoa kitandani hatakiwi kufichwa, maana uskauti uko wazi kwa wote na beji zinaweza kurekebishwa zimfae. Kiongozi asiyeambiwa hawezi kumsaidia. Akiambiwa, anaweza kumpa nafasi karibu na mlango, au kumwamsha kimya kimya saa nne usiku kambini, na hakuna mwenzake atakayejua.

Kambi ya kwanza haina haja ya kuwa ya kishujaa. Vikundi vingi huanza na usiku mmoja ndani ya ukumbi, au kambi ya familia ambako mzazi yupo hema la pili. Mwache mtoto apange begi lake mwenyewe huku ukimtajia vitu: tochi, soksi za ziada, mfuko wa kulalia, nguo ya baridi. Ukimpangia wewe, hatajua kilipo chochote gizani, na tochi iliyo chini kabisa ya begi haimsaidii mtoto anayelia saa saba usiku.

Akikataa kwenda tena baada ya mikutano mitatu, msikilize. Kuna anayeogopa kelele za duara na atapoa akikaa kando wiki mbili. Kuna ambaye hajafikia umri wa jambo hili, na mwaka mmoja wa kusubiri utamtosha. Na kuna ambaye kuna mtu amemfanyia kitu. Hizo ni sababu tatu tofauti, na haziwezi kujulikana kwa kumuuliza mara moja mlangoni.

Akikaa, itafika siku akiwa na miaka 10 au 11 hivi atapandishwa kwenda kwa wakubwa. Huko vijana wenyewe ndio watakaopanga matembezi na kupika wali utakaoungua. Mtu mzima aliyekaa naye jozi miaka yote hiyo atabaki upande wa pili wa duara, labda akiwa ameshika mkono wa mdogo wake, ambaye anaanza kuuliza skafu yake itakuwa ya rangi gani.